Wiki Nzima kwenye Kurasa Mbili

Mtendeni, Tabora
Jumapili, alasiri

Mwanangu Nyamizi,

Umetoka hapa mbio kwenda Ntalikwa kumuaga bibi yako, ukaniachia amri mlangoni: "Mama, nichagulie diari wewe mwenyewe, unishonee, nikirudi jioni niikute tayari." Nimekutazama ukipanda baiskeli ya baba yako na hilo gauni jipya la kitenge, nikacheka peke yangu. Mtu mzima anakwenda kazini kesho, na bado ananiamrisha kama siku zile alipokuwa akininyooshea mguu nimfunge kamba za viatu.

Basi nimekaa. Mezani nimetandaza karatasi za aina tatu, zote nimezipiga mistari kwa mkono wangu wiki hii. Baba yako yuko uani anagombana na kamba ya sanduku lako la bati. Kila akiifunga anakumbuka kitu kingine cha kutia, anaifungua tena. Mambo ya kuchemsha maji ya kunywa, ya chandarua, ya kutotoa kichwa nje ya dirisha la treni, hayo nimemwachia yeye, maana amekwisha kuyasema na atayasema tena kesho stesheni. Mimi nataka kuzungumza nawe habari ya diari. Usinicheke. Nina mengi ya kusema, na furaha niliyo nayo leo hainiruhusu kunyamaza.

Nimefurahi, Nyamizi! Acha niliseme wazi, maana nikiwa na watu najikaza nionekane mama mwenye heshima zake. Tangu ulipopangiwa kazi nimeitangazia Mtendeni yote. Mwanangu, mwalimu wa elimu ya watu wazima, vijiji vinne vya ujamaa huko njia ya Kigoma, na baiskeli ya serikali juu yake! Mama Zuhura wa nyumba ya pili ameniambia jana, "Mama Nyamizi, hongera nimeshakupa, sasa naomba nikaoshe vyombo vyangu." Sijakasirika hata kidogo. Nimemfuata hukohuko kwenye vyombo nikaendelea.

Lakini Ijumaa nilikusikia ukizungumza na baba yako. Ulimwambia, "Baba, vijiji ni vinne na mimi ni mmoja. Mwenzangu aliyenitangulia alishindwa. Na mimi nikishindwa, madarasa yanafungwa." Sikuingia, nilibaki jikoni na mwiko mkononi. Najua bosi wako amekuambia kwamba mpaka mavuno, wakikuta madarasa yako hai, yataendelea na wewe utathibitishwa kazini. Wakikuta yamekufa, ubao na viti vinarudishwa shule ya msingi, na watu wazima wa huko wanabaki kama walivyokuwa, wakipewa karatasi ya mzani wa tumbaku na kumpelekea mtoto awasomee. Ndiyo maana unaniona nahangaika na mistari. Ulinionyesha ratiba ya huyo mwenzako. Imeandikwa kwa wino, kila kijiji na saa yake, mwandiko mzuri kuliko wangu. Hakuwa mvivu. Hata hivyo alikaa na ubao wake peke yake mpaka akaomba uhamisho.

Nimeiangalia ile ratiba nikajiona mwenyewe nilivyokuwa.

Unajua kazi yangu, umekulia kwenye harufu ya gundi. Lakini hukunijua nilipokuwa naanza. Kukunja karatasi na kushona vitabu nilijifunza kwa masista wa misheni nikiwa msichana, halafu Bwana Kanji akanichukua dukani kwake, kwenye kile chumba cha nyuma kilichojaa daftari na vumbi. Uhuru ulipokuja nilikuwa mke wa mtu, wewe umo mgongoni, na mji mzima ulikuwa haukai chini. Ilikuwa mikutano, Nyamizi! Kila mtu alikuwa kwenye kikao cha kitu fulani. Mimi nilikuwa katibu wa umoja wa akina mama wa mtaa wetu, nilikuwa kwaya, nilikuwa kwenye kamati ya kuchimba kisima, na mchana nilikuwa nashona vitabu. Nilikuwa natembea kwa kukimbia, na nilipenda hivyo.

Siku moja Bwana Kanji akanitupia diari iliyobaki kwenye kabati. Ilitoka ng'ambo, jalada jekundu, utepe wa kualamishia.

"Chukua, Mama Nyamizi," akasema. "Mwaka umeshakula nusu ya kurasa zake. Nani atainunua sasa?"

Ilikuwa ya aina hii ya kwanza hapa mezani: ukurasa mmoja kwa siku moja, na saa zimechapwa pembeni kutoka juu mpaka chini, mstari kwa mstari. Niliipenda mpaka aibu. Nikakaa nikaijaza. Saa ya kukunyonyesha niliiandika. Saa ya kuchota maji niliiandika. Nikikoroga gundi nimeandika, nikienda kwaya nimeandika, na pale ilipobaki nafasi ya kidole niliandika "kupumzika" kwa herufi ndogo. Nikaitia kwenye kikapu changu, nikawa naitoa njiani hata bila sababu, watu waone.

Halafu mzee Kasubi, jirani yetu wa nyuma, akafariki.

Unajua msiba wetu ulivyo. Wanawake mnaingia ndani, mnakaa mkekani na mjane, na mmekaa. Hakuna anayekuuliza utaondoka lini, maana hakuna anayetegemea uondoke. Mimi nilikuwa nimeuandika kwenye diari. Saa tisa, msiba wa mzee Kasubi. Saa kumi, kikao cha akina mama. Nikafika, nikalia vizuri tu, nikampa mjane mkono, nikakaa kidogo. Kisha nikiwa palepale mkekani, ubavuni mwa mjane, nikatoa kitabu changu chekundu, nikatazama, nikasimama nikajipangusa kanga.

Mlangoni nikamkuta Shomari. Wewe humkumbuki, alihamishwa ukiwa mdogo. Alikuwa Mzaramo, fundi wa reli, mtu mfupi mwenye sauti ya kuitia treni. Wazaramo ni watani wetu tangu enzi za misafara, babu zetu walipokuwa wakipita kwao na mizigo kwenda pwani. Waligombana, wakazoeana, ugomvi ukageuka mzaha mpaka leo. Na mtani msibani hana mipaka. Anaweza kukaa juu ya jeneza, anaweza kuficha sufuria ya ugali, na ukikasirika aibu ni yako. Akikunyang'anya kitu, unakikomboa kwa faini.

Shomari akakinyakua kitabu changu mkononi. Akakifungua, akarudi nacho hadi katikati ya uwanja, walipokaa wanaume wote.

"Jamani Wanyamwezi, njooni mwone mambo ya dada yenu!" akapiga kelele. "Saa mbili, kunyonyesha. Saa tatu, gundi. Saa tisa, kulia. Saa kumi, kunyamaza!"

Kulia na kunyamaza sikuandika mimi, Nyamizi, alitia chumvi yake. Lakini nani angeniamini? Uwanja mzima ulicheka. Ndani nikasikia mjane naye anacheka, akiwa hajafungua mdomo tangu asubuhi ila kwa kilio.

"Nirudishie kitabu changu," nikamwambia, uso unawaka.

"Kitabu? Hiki sasa ni mateka. Utakipata tukianua matanga, na uje na jogoo."

"Shomari, nina kikao! Watu wananingoja!"

"Mtani wangu, kikao utakipata hata kesho. Mzee Kasubi hafi mara ya pili."

Nikarudi ndani nikakaa. Nilikaa kwa hasira, nikisema moyoni kwamba akina mama wangu sasa wamejipanga kikaoni wananilaani. Jicho langu lilipotulia nikatazama nani yumo mle ndani. Mwenyekiti wetu alikuwa pale, anachambua mchele. Mweka hazina alikuwa pale, ameegemea ukuta na mtoto kifuani. Wote walikuwa pale, kila mmoja aliyekuwa kwenye orodha yangu ya saa kumi! Nilikuwa nakimbilia chumba kitupu. Kikao chenyewe tulikifanya asubuhi yake, tukichambua maharage ya matanga, na kikawa kikao bora kuliko vyote tulivyowahi kufanya, kwa kuwa hakuna aliyekuwa na haraka ya kwenda kupika. Ni pale mkekani tulipokubaliana mambo ya kisima.

Nilimpelekea Shomari jogoo wake. Alimchagua yeye mwenyewe, mkubwa kuliko wote, na kitabu akanirudishia kikiwa kimejaa alama za ugali.

Sasa itazame tena ile ratiba ya mwenzako. Darasa la wanawake saa kumi jioni, Jumanne. Ulizia huko ukifika, wanawake wa kijiji kile saa kumi wako wapi. Mimi sijui. Huenda wako kisimani, huenda ndiyo saa ya kumwagilia vitalu vya miche ya tumbaku. Yeye aliandika saa iliyokuwa nyeupe kwenye karatasi yake. Hii aina ya saa kwa saa si mbaya, usinielewe vibaya. Ni nzuri kwa mtu wa stesheni kama baba yako, maana treni haina mjomba wa kufiwa. Wewe unakwenda kwa watu.

Baba yako ameingia sasa hivi kuuliza kama nimekuwekea taa ya kandili au atie tochi. Nimemwambia vyote. Ameangalia karatasi mezani, akasema, "Mama Nyamizi, mtoto anahitaji daftari tu." Nimemfukuza.

Aina ya pili ni hii yenye visanduku, mwezi mzima kwenye ukurasa mmoja. Baada ya mambo ya Shomari niliona aibu kubeba kile kitabu chekundu, nikajichorea hii mwenyewe na kuibandika ukutani dukani. Na nilijiona mjanja! Mwezi wote unautazama kwa jicho moja, huku msiba huku ubatizo, huku karani wa halmashauri anakuja kuchukua majalada yake. Kwa kujua mbele kuna nini, hii haina mwenzake. Hata leo ninayo ukutani, umeiona.

Ila iliniumbua kwa namna yake. Kisanduku kitupu kilikuwa kinanichokoza. Nikikiona cheupe, mtu akija kuniomba kitu nasema ndiyo, chukua siku hiyo. Ndipo ikaja kazi ya shule moja ya hapa mjini, vitabu vya maktaba vya kushonwa upya na kutiwa majalada. Ilikuwa masika, mvua haikati. Nikaandika kwenye kisanduku kimoja "gundi", na kwenye kisanduku cha kukabidhi nikaandika "shule". Katikati visanduku vitupu. Kwa hiyo nikavigawa! Kimoja nikampa mama mmoja nimshonee kitabu chake cha sala, kingine nikaenda shamba la kijiji kupalilia na wenzangu, kingine nikamwahidi shangazi yako kumsindikiza hospitali.

Wewe mwana wa mshona vitabu, umeshaona nilipokosea. Gundi ilikuwa haijakauka. Kwenye masika gundi inachukua siku zake, na siku hizo unatakiwa uwepo, uvigeuze vitabu, uvibane upya, ubadilishe karatasi za kunyonya maji. Ni kazi, ila haina jina la kuandika kwenye kisanduku. Nikarudi kutoka shamba kwa shangwe, nimechoka vizuri, nimeimba, nikavikuta vitabu vimejikunja majalada, vingine vimegandana kurasa. Bwana Kanji alivishika kimoja kimoja. Alikuwa hapigi kelele yule mzee, na hiyo ndiyo ilikuwa adhabu.

"Mama Nyamizi, ulikuwa wapi?" akauliza.

"Nilikuwa na nafasi," nikajibu.

"Nafasi," akasema. Akavua koti lake, akakaa nami chini, tukavichambua vyote upya kwa kisu na mvuke, yeye na mimi, mpaka mkewe akatuletea chai hukohuko nyuma.

Kazi yako nayo ina gundi ndani yake, mwanangu. Ukimfundisha mtu mwenye mvi herufi zake za kwanza Jumatatu, Jumanne haiko tupu. Jumanne ni siku anayokwenda nazo kondeni, anazichora mchangani kwa jembe, anaziona aibu, anataka kuacha. Ukipita mbele ya nyumba yake siku hiyo, bila somo, ukamsalimia tu na kukaa kwenye kigoda ukanywa togwa, umefanya kazi kubwa. Lakini hutaiona kwenye kisanduku, na bosi wako hataiona, na wewe mwenyewe utadhani una nafasi. Utakubali kijiji cha tano. Nakujua, wewe ni mwanangu, una ulimi mwepesi wa kusema ndiyo kama mimi.

Ya tatu ndiyo ninayoitumia mpaka sasa, na nikiishika nasikia raha mkononi. Wiki nzima kwenye kurasa mbili zinazotazamana. Ukurasa wa kushoto nimeugawa siku saba, na kila siku ina sehemu tatu tu: asubuhi, mchana, jioni. Hakuna saa. Ukurasa wa kulia ni mtupu.

Hii ya sehemu tatu niliitoa kwa babu yangu, baba wa bibi yako huyo unayemuaga. Alikuwa mpagazi ujanani mwake, ameufikisha mzigo pwani na kurudi. Mimi nilimkuta amezeeka, kovu la mzigo begani limekuwa gumu kama soli. Nilikuwa nikimuuliza, "Babu, mlikuwa mnatembea kutwa?" Anacheka. Anasema kutwa ni maneno ya watu ambao hawajabeba. Waliondoka kabla jua halijatoka, wakatembea asubuhi yao, jua likianza kuchoma wanatua mizigo. Mchana ulikuwa wa mahali walipofika: maji yako wapi, unga unauzwa na nani, mtemi wa hapa anataka nini. Jioni ilikuwa ya watu, ngoma na hadithi na kusukana na kugombana. Akasema msafara ulioongozwa na mtu wa kukimbiza mchana na jioni, wapagazi wake walitoroka wakaacha mizigo njiani.

Nilimkumbuka babu nikiwa nimekaa na rula yangu, baada ya aibu ya vitabu vya shule, na nikapiga mistari miwili tu kukata siku. Asubuhi naandika jambo moja zito, lile ambalo lisipofanyika siku imepotea. Mchana naandika mahali nitakapokuwa. Jioni naandika jina la mtu. Basi. Mwanzoni niliona ni uvivu, nikajikuta nataka kuongeza mistari. Wiki chache mbele nikagundua namaliza kazi, na ninaporudi nyumbani nina hamu ya kukusikia unavyosimulia mambo ya shule badala ya kukuambia "subiri, subiri."

Ukurasa wa kulia, ule mtupu, ndio ninaoupenda zaidi. Usiandike chochote mwanzoni mwa wiki. Unauandika wiki ikiisha: yale yaliyokuja yenyewe. Nani alikuja bila kuitwa, mvua ilifunga njia wapi, darasa gani lilijaa na siku hiyo kulikuwa na nini. Mimi kwa ukurasa huo nilijua kwamba wateja wa Bwana Kanji kutoka vijijini wanakuja siku baada ya soko la tumbaku, na kwamba shangazi yako huumwa kila anapogombana na mumewe. Sikuambiwa na mtu, niliona kwa kurudisha kurasa nyuma. Wewe ukifanya hivyo tangu mvua za kwanza, ukifika katikati ya masika utakuwa unawajua watu wako kuliko waliokutuma. Utajua saa kumi ya wanawake iko wapi, hata kama ni alfajiri, hata kama ni chini ya bani la kukaushia tumbaku moto ukiwaka. Nenda na ubao wako hukohuko bani. Nani amesema lazima wakae kwenye dawati?

Naona nimeanza kukupangia. Baba yako angekuwa hapa angecheka.

Lakini nina furaha, Nyamizi, na furaha inaniendesha mkono. Nawaza mama mtu mzima, mwenye wajukuu, anashika karatasi ya mzani kwa mara ya kwanza na kuisoma mwenyewe mbele ya karani. Nawaza uso wa karani! Mimi nimeshona vitabu maisha yangu yote, maelfu, na vingi vimekwenda kwa watu waliokwisha kujua kusoma. Wewe unakwenda kutengeneza wasomaji. Nimekaa hapa na gundi kwenye kucha, nasikia kama ni mimi ninayepanda treni kesho. Naiona mpaka nguo nitakayovaa, na sina safari.

Sasa juu ya amri yako. Umesema nichague na nishone. Nilikuwa nimekwisha kuchagua, na unajua nilichagua ipi. Nilikunja karatasi za wiki, nikazilinganisha kingo, nikazitoboa, nikatia uzi kwenye sindano. Mara mbili nimeishika ile sindano, mara mbili nimeiweka chini.

Sitakushonea.

Hii ya kurasa mbili ni ya mama wa Mtendeni anayekaa kwenye benchi moja tangu ujana wake. Ilinichukua kitabu chekundu, mtani, jogoo na maktaba ya shule kuifikia, na ilipofika ilinikaa mwilini. Wewe una vijiji vinne na barabara ya mchanga katikati. Huenda siku si kipimo chako kabisa. Nimewaza mchana huu, labda unahitaji ukurasa kwa kijiji badala ya ukurasa kwa siku, ukifungua kimoja unaona watu wake wote na lini mara ya mwisho ulikaa nao. Sijawahi kuona diari ya namna hiyo dukani kwa Bwana Kanji wala kwenye makaratasi ya ng'ambo. Sijui kama itafaa. Kutojua huku kunanifurahisha kuliko nilivyotegemea.

Kwa hiyo kwenye bahasha hii kubwa nimekutilia karatasi za aina zote tatu, nyingi, na nyingine nyeupe kabisa, zisizo na mstari. Zote zimekatwa na kutobolewa sawa, zinaingiliana. Sindano ipo, uzi umepakwa nta ya nyuki, rula yangu fupi nimekupa. Fika kwanza. Zunguka vijiji vyote ukiwa mikono mitupu, salimia, kaa, kula unachopewa. Halafu kaa chini uchanganye karatasi unavyoona, ushone. Mshono unaujua tangu hujafikia meza. Ukikosea, kata uzi, anza tena, karatasi hazitakasirika. Bosi wako akitaka kuona ratiba wiki ya kwanza, mwonyeshe majina ya watu uliokaa nao.

Na ukiona imekushinda hata hivyo, ukiona viti vinabaki vitupu, niandikie bila kuona haya. Sitakuwa na jibu, lakini nitakusoma, na wewe utakuwa umeutua mzigo kidogo.

Kuna jambo moja nilifanya leo mchana ulipoondoka. Nilihesabu karatasi za wiki mpaka ile ya baada ya mavuno, nikachukua penseli. Nilitaka kuandika neno dogo tu kwenye sehemu ya jioni: nyumbani. Ili siku ukiifikia ulikute limekungoja, usilikwepe. Penseli ilishagusa karatasi. Nikafikiri, huenda wiki hiyo ndiyo wanafunzi wako wanasoma barua zao za kwanza kwa sauti, na kijiji kimechinja mbuzi, na wewe umesimama mbele yao. Na mtoto wangu afungue kitabu chake akute mama yake amemwita?

Nimefuta. Nimefuta vizuri, kwa ufutio mpya, nikapuliza vumbi. Siku ya kuja utaiandika mwenyewe, wiki yoyote, na mimi nikipata habari nitaanza kupika.

Nimezipitia karatasi zote tena kabla ya kufunga bahasha, mbele na nyuma. Hakuna neno langu hata moja ndani yake.

Nenda, mwanangu.

Mama yako